Safu ya Rangi

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa balaa. Nilitandika karatasi nne sakafuni kwangu Kilole, Korogwe, nikaziunga kwa gundi, na bado mistari ikatoka nje.

Nafundisha hesabu, na jioni nasomea shahada ya pili. Somo langu ni jedwali: upande mmoja vitu, upande mwingine sifa, na alama ya tiki pale vinapokutana. Kila kundi la vitu na sifa vinazoshiriki kwa pamoja huitwa dhana, na dhana zote hupangwa juu na chini kwa mistari. Vitu vyangu vilikuwa mihogo kumi na miwili ya shangazi, anayeuza muhogo wa kuchemsha kwa abiria wa mabasi pale Mkata.

Msimamizi wangu aliutazama mchoro, akavua miwani. "Uingie ukurasa mmoja," akasema, "au usije kwenye semina."

Basi nikakimbilia seti zisizo na mipaka kamili. Jina linatisha, kazi yenyewe rahisi: ondoa safu moja ya jedwali, yaani sifa moja, kisha uangalie kama mihogo michungu na mitamu bado inatengana. Ikitengana, safu ile ilikuwa mzigo tu. Nikagundua kuwa rangi ya vikonyo vya majani, rangi ya ganda la ndani na makovu ya majani yaliyodondoka, yaliyobanana kwenye mti, zote tatu zinautambulisha muhogo mchungu shambani mwa shangazi. Moja ingetosha. Nikabakiza kikonyo chekundu, maana hata mvivu hukiona akiwa njiani. Mchoro ukaingia ukurasa mmoja, nami nikajiona bingwa.

Jumamosi nikaupeleka Mkata kwa mbwembwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nisomee hicho ulichokiandika."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye kikonyo chekundu akanikatiza.

"Rangi ya nini? Shika mti."

"Shangazi, rangi inaonekana kwa mbali!"

"Kwako."

Akaingia shambani mbele yangu. Alikuwa akishika kila mti, akipandisha vidole kwenye makovu, kisha anaupita au anaung'oa. Miaka yote nilidhani anaibembeleza mihogo yake, na nilimtania sana kwa hilo. Nikachuma majani mawili, moja la kikonyo chekundu na moja la kijani, nikamwinulia.

"Lipi jekundu?"

"Usinitahini, mwanangu. Mie si mwanafunzi wako."

Nikayashusha majani. Nilijisikia mpumbavu, tena niliogopa: muhogo mchungu kazi yake ni kulowekwa, kukaushwa na kuwa unga wa bada, ule ugali wa muhogo, siyo kuchemshwa na kupewa mtu dirishani mwa basi. Akanisoma hata bila kuniona vizuri.

"Sijakosea hata mmoja," akasema. "Ila usiwaambie abiria. Wakijua, nani atanunua?"

Niliapa, kwa sharti kwamba twende kwa daktari wa macho. Akakubali kwa kununa. Usiku ule nikaiondoa safu ya rangi, nikairudisha ya makovu. Ukurasa ukabaki mmoja.

Kwenye semina Dar, msimamizi akauliza swali nililolitarajia: kwa nini nimeacha rangi, sifa nyepesi kuliko zote?

"Mwenye mihogo haitumii," nikajibu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akanipitisha.

Nikirudi Korogwe, basi likasimama Mkata. Shangazi alikuja chini ya dirisha langu na beseni lake, akiita wateja. Kwa utani nikatoa mkono kimya, bila neno. Akaushika ili auwekee muhogo, akasita. Vidole vyake vikapanda polepole kutoka kiganjani hadi kwenye kovu langu la utotoni, karibu na kiwiko.

"Huyu mtamu," akasema, akacheka. "Huyu wangu."