Miezi Niliyoitwa Mvivu

Mimi si mtu wa kukaa. Tangu nimalize kidato cha nne kule Kwale mjini nimehama nyumba hata hesabu imenipotea: Ukunda, Lunga Lunga, Vanga, Tanga kidogo, Kinondo, mwishowe Msambweni, nilikoolewa wakati jamaa zangu wameshanikatia tamaa. Kazi yangu ni kutembeza leso. Nabeba furushi langu, napita nyumba kwa nyumba, nakaribishwa barazani, nafunua moja moja, tunasoma maandishi na kucheka, kisha nasonga mbele. Nikikaa siku mbili mahali pamoja nyayo huanza kuniwasha.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa dawa ya kumlaza.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya kufika miezi mitatu. Hii ya tatu ilipofika wiki ya saba nikaona damu kidogo, nikakimbilia kliniki. Daktari alinipima, akanionyesha kwenye kioo cha mashine kitu kidogo kama punje ya kunde, kikipigapiga. Akaniandikia projesteroni, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili mimba ishike. Vidonge laini, si vya kumeza bali vya kuweka ndani kwa njia ya uke, asubuhi na usiku, na kila mara nilale chali nusu saa. Nitumie mpaka wiki ya kumi na sita.

Muuguzi akanikalisha kando. "Utasikia usingizi na kizunguzungu. Matiti yatauma, tumbo litajaa gesi, choo kitakuwa kigumu. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Kikikushinda kitu, nipigie. Na usinywe dawa nyingine yoyote, ya dukani wala ya majani, bila kuniuliza."

Niliitikia yote. Ni rahisi kuitikia kabla hujaanza.

Usingizi ulikuja wiki ya kwanza, na haukubisha hodi. Mteja wangu mmoja wa Kinondo, mama mtu mzima mwenye ulimi, alichukua leso mbili akaingia ndani kujitazama kwenye kioo. Alipotoka alinikuta nimelala barazani, kichwa juu ya furushi, mdomo wazi. Nilipoamka jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba, nami nimefunikwa leso ya tatu, nzuri kuliko zote.

"Hiyo sasa imeshalaliwa," akasema. "Nipunguzie."

"Mama, si wewe uliyenifunika?"

"Na wewe nani alikwambia ulale kwangu? Hapa si gesti."

Akaipata kwa bei yake. Mpaka leo akiivaa hunikumbusha.

Polepole nikaijua dawa yangu kama unavyomjua mpangaji mwenzako. Furushi nililokuwa nikilibana kwapani nikalihamishia kichwani, maana kifua kilikuwa hakiguswi. Kusimama kukawa na vituo: kwanza nakaa, nashika ukuta, navuta pumzi, ndipo ninyanyuke. Biashara nikaifanya asubuhi tu, adhuhuri niwe nimesharudi kitandani. Mume wangu, ambaye hutunza bustani ya hoteli moja Diani na kurudi nyumbani kila Alhamisi, alisema tangu anioe hajawahi kunikuta ndani mara tatu mfululizo.

Kilichonishinda ni choo. Msomaji aliye mezani anisamehe. Siku ya nne bila kwenda, tumbo lilikuwa limevimba kama la mtu wa miezi saba, nami hata mitatu sijafika. Nilipaswa kumpigia muuguzi, lakini nikaona haya kusumbua mtu kwa jambo la chooni.

Wakati huo aliyejua habari ya mimba ni mume wangu peke yake. Kwetu mimba changa haitangazwi, watu huogopa jicho. Lakini mimi niliogopa kitu kingine. Mimba ya pili nilimwambia shangazi yangu mapema, naye kwa furaha akawaambia wenzake wote kijijini kwake Kibuyuni. Ilipotoka, kwa miezi mingi nilikutana na watu wema walioniuliza mtoto ana hali gani. Kila mmoja ilibidi nimjibu. Safari hii nilikuwa nimeapa: shangazi asijue mpaka dawa iishe.

Shangazi analima mwani. Kazi hiyo hufuata maji: siku ambazo bahari hutoka mbali yuko shambani, magoti majini, akifunga mbegu kwenye kamba. Siku za maji mafu, bahari isipotoka sana, hana kazi, na asipokuwa na kazi huja kwangu. Alifika asubuhi ya ile siku ya nne.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umelala saa nne hii? Wewe?"

Nikamwambia tumbo limenijaa, sipati choo. Nilidhani nimeficha siri kwa kusema ukweli nusu. Kumbe nimemfungulia mlango.

Tulipokuwa wadogo, siku ya mwisho ya likizo, shangazi alikuwa akitupanga uani kwa urefu na kutunywesha sanamaki, yale majani machungu yanayosafisha tumbo, ili turudi shule tukiwa wepesi. Hakuna aliyeruka foleni, wala aliyekuwa na nafasi ya kucheza mbali na choo siku hiyo. Nakumbuka harufu yake kuliko ninavyokumbuka jiografia. Na saa ileile nilianza kuisikia harufu hiyo kutoka jikoni kwangu.

Akaja na kikombe kimejaa, kinafuka.

"Nimeichemsha nzito. Bana pua, unywe mara moja."

"Iache ipoe, shangazi."

"Ikipoa inazidi uchungu. Una miaka mingapi wewe? Kunywa!"

Akasimama mbele yangu, mkono kiunoni, vilevile kama zamani, na mkono wangu ukapokea wenyewe. Nikakileta kikombe mdomoni. Nilikuwa sijui sanamaki ile nzito ingefanya nini humo ndani. Nilijua tu muuguzi alisema nini, na nilikuwa nimekwisha kuiona ile punje ya kunde ikipigapiga.

"Siwezi, shangazi. Nina mimba. Wiki ya kumi na moja."

Alikichukua kikombe taratibu, akatoka nacho, nikasikia akiimwaga sanamaki yote uani, na ya sufuriani pia. Alirudi akakaa pembeni ya kitanda. Nilidhani atapiga vigelegele.

"Ningekuulia mtoto kwa mkono wangu," akasema. "Ulikuwa unanificha mimi?"

"Shangazi, mara ile uliwaambia watu."

"Niliwaambia waombe."

"Waliomba. Kisha wakaniuliza yuko wapi."

Aliichukua simu yangu kando ya mto, akanipa. Akasema, "Piga simu kwa huyo muuguzi wako. Sasa hivi, nikisikia."

Muuguzi alicheka kidogo, akanigombeza kidogo. Ile nzito ya kuchemsha nyumbani nisiiguse. Maji mengi, mchicha, matunda, nitembee taratibu jua likipungua, na nikifika kliniki atanipa ya kulainisha iliyo salama. Shangazi alisikia neno moja tu, mchicha. Nilikula mchicha siku tatu, asubuhi na jioni, na siku ya tatu mambo yakafunguka. Kutoka chooni nilimkuta mlangoni.

"Vipi?"

"Alhamdulillahi."

"Basi leo mchicha tena."

Maji yalipoanza kutoka alirudi Kibuyuni, nami nikabaki na hofu. Shangazi na siri hawajawahi kulala nyumba moja. Lakini wiki zilipita na hakuna aliyenipa pole wala hongera. Nilichoanza kusikia ni kingine. Kila mtu wa Kibuyuni niliyekutana naye njiani alinitazama kwa huruma. Mmoja akaniambia waziwazi, "Tumesikia siku hizi umekuwa mvivu. Shangazi yako analia, anasema unalala tu kama paka, hata leso zimekushinda." Nilienda zangu nikicheka peke yangu.

Wiki ya kumi na sita dawa iliisha. Daktari alinionyesha tena, na safari hii ile kunde ilikuwa na mikono. Wiki mbili baadaye nikajivika dera la kubana kusudi, nikapanda gari hadi Kibuyuni. Wanawake walikuwa kwenye banda la kuanikia mwani. Macho yote yakaja tumboni kwangu.

"Huyu ndiye yule mvivu?" mmoja akauliza.

"Ndiye," shangazi akasema, bila kuacha kugeuza mwani wake. "Tazameni kazi aliyokuwa akiifanya usingizini."

Nikatandikiwa mkeka kivulini. Dawa ilikuwa imeshatoka mwilini, sina kisingizio, lakini nililala mpaka alasiri, na hakuna aliyeniamsha.