Yai Lililoendelea Kuzunguka

Ilianza Jumapili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, jikoni kwetu Karama, huku ughaibuni. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya darasa la fizikia nieleze jinsi wakaguzi wanavyopima urani na plutoni iliyobaki ndani ya fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika, bila kuifungua. Muhula uliopita zamu yangu ilipofika nilijifungia chooni. Safari hii, mwalimu alisema kwa upole, nikikimbia napata sifuri.

Anti, Mganda tunayekaa naye, ni mlinzi. Alishavaa sare, anataka mayai mawili ya kuchemsha aende nayo kazini. Mama akafungua friji, akashika kiuno. Alikuwa ameyarudisha yaliyochemshwa kwenye trei moja na mabichi.

"Ngoja nipasue moja moja."

"Dada, utanichafulia sare! Na basi la kampuni liko karibu."

"Usipasue!"

Sauti ilikuwa yangu. Wote wakageuka.

"Kumbe huyu mtoto ako na mdomo!" Anti akasema.

Uso ulinichoma, lakini yai lilishakuwa mkononi. Nikalizungusha mezani, nikaligusa kwa kidole likasimama, nikaliachia. Likatulia tuli.

"Hili limeiva."

La pili nililisimamisha vilevile. Nilipoliachia likaanza tena kuzunguka lenyewe.

"Bichi. Ndani bado kunazunguka."

"Uchawi!"

"Si uchawi, Anti." Nikajikuta naeleza tu. Fueli nayo huipasui. Unaipiga kwa nyutroni, unaacha kuipiga, halafu unasikiliza. Urani na plutoni inayoweza kupasuka huendelea kutoa nyutroni zake kwa muda hata baada ya wewe kuacha. Hizo ndizo unazohesabu. Zikiwa nyingi, iliyobaki ni nyingi.

"Na ukikosea?" mama akauliza.

"Unapima kwanza vipande unavyovijua, mama, halafu unalinganisha."

Anti akamenya lake papo hapo. Jeupe, gumu. Akaruka kwa furaha na buti zake.

"Yalla, haya twende, profesa! Kesho chooni hatukutaki."

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Mama akazungusha trei nzima, yai moja moja, hata alipokwisha kupata yale aliyoyatafuta.

Jumatatu asubuhi nilifunga mayai mawili, moja bichi na moja lililoiva, ndani ya soksi, bila kuyatia alama. Mwalimu aliponiita, nilisimama, nikaweka yai la kwanza juu ya meza yake, nikalizungusha.