Pasiwedi Nisiyoitaja

Ulikuwa ule mwaka tuliokula uji wa mtama mchana na mlenda mkavu usiku, kwa sababu mvua ilitukimbia. Mwaka kama huo una neno lake, ila mimi silitamki. Likinishika husema, "Tumbo linalia," basi. Neno hilo nisilotamka ndilo jina la nyumbani la marehemu baba mkwe wangu, na mimi nilifundwa kwamba mke hataji jina la mkwe.

Siku moja mwaka huo nilikuwa dukani kwa mjukuu wangu; kesho yake tulikuwa tunamuaga, anaolewa. Ana duka la kuchapa pale Kiomboi, na kompyuta zinamwogopa. Najisifu, ndiyo. Baba yake, mwanangu, alikuwa ameziandika nyimbo zangu za harusi kwenye kompyuta, akazifunga watu wasichezee maneno, kisha akaenda Rungwa kwenye mizinga yake ya nyuki. Huko simu haishiki. Bila karatasi, hawa wasichana wa mjini wangeimba nini? Wangefungulia redio!

"Faili linasomeka, Bibi, ila halichapi." Akachomoa waya, akazima, akawasha. Akajaribu faili jingine, likachapika safi.

"Kompyuta yako ndiyo mbovu. Hiyo yenye ndege mnene."

"Huyo ni pengwini wa Linux, mke mwenza, usimtukane. Baba ndiye amezuia kuchapa. Inataka pasiwedi." Akanisomea ujumbe alioachiwa: 'Weka jina la nyumbani la babu yangu.' "Ndiye mkwe wako huyo. La ubatizo nimejaribu, limekataa. Nitajie la nyumbani."

"Jina la mkwe halipiti kinywani mwangu."

"Bibi! Niagwe kimya kama mwizi?"

Macho yakamjaa machozi. Nikamshika mkono.

"Ghala likiwa tupu, mtoto analia nini?"

"Chakula."

"Zuzu! Nini kinamliza?"

Akacheka, akaandika. Likakataa.

"Umeandika Kiswahili, wewe. Mzee alizaliwa Kinampanda, si redioni. Weka neno hilohilo kwa Kinyiramba."

Printa ikakohoa, ikaanza kutema nyimbo zangu, zina joto kama maandazi. Mjukuu akanikumbatia mpaka kilemba kikadondoka.

Kesho yake wasichana waliimba wameinamia karatasi kama kuku wanaodonoa, lakini waliimba, na bibi harusi wangu alilia vizuri. Mwanangu akafika na asali yake. Alipohadithiwa akacheka.

"Mama, mzee alishakufa zamani. Si ungelitaja tu?"

"Jina la mkwe halipiti kinywani mwangu."