Pikapu Iliyopimwa kwa Matenga

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kisarawe mtanisahihisha, gari lilikuwa la mtu mmoja kwenye kadi tu. Barabarani lilikuwa la wote. Ukinunua pikapu umenunua na harusi za watu, wagonjwa wa watu, mabati ya watu na mbuzi wa watu. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu hakununua pikapu kwa pupa, na baba yangu, Mzee Salum, alikuwa na akili timamu kupita kiasi. Alichagua kwa miezi.

Asubuhi baba alikuwa karani wa serikali, na muda uliobaki alikuwa mkulima wa machungwa. Ofisi ilikuwa mjini Kisarawe, shamba lilikuwa Chole, wilaya hiyohiyo, kwa mama yake, na katikati kulikuwa na barabara ya vumbi ambayo kiangazi ilitupaka wekundu mpaka kwenye kope, na masika ilitufungia nyumbani. Shuleni tulikwenda na fagio la chelewa mkono huu na kidumu cha maji mkono ule, tumboni muhogo wa kuchemsha uliotiwa tui zito. Jioni tulicheza rede mpaka mama aite mara ya tatu, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili hazikuhesabika. Wanangu nikiwasimulia hayo wananipa pole. Sijui wananipa pole ya nini, maana muhogo ule sijaupata tena.

Mwaka ninaousema, michezo yote iligeuka pikapu. Kaka yangu Hamisi alisuka ya waya, magurudumu akayakata kwenye ndala kuukuu, na akaitengeneza milango minne kwa sababu alishaamua kwa niaba ya ukoo mzima kwamba sisi ni watu wa milango minne. Mimi nilimuunga mkono. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kushuka mbele ya shule, nifungue mlango wangu mwenyewe, niufunge kwa kishindo.

Wakubwa walikuwa na haraka ya namna nyingine. Bibi yetu, Bibi Mwanahawa, mama yake baba, alikuwa ameteleza kisimani kule Chole akaangukia nyonga. Mganga wa mifupa akamfunga banzi, akamkanda, akamsomea, lakini wiki zilivyopita mguu ulizidi kupinda. Baba alipouliza hospitalini, daktari alimjibu kwa maneno machache: mgonjwa aletwe Kisarawe, alale amenyooka njia nzima, na akizidi kucheleweshwa hatatembea tena. Gari la wagonjwa la kumfuata kule halikuwepo. Lori la machungwa lilikuwepo, ila Bibi alikataa katakata. Alisema hajawahi kuwa gunia na hataanza uzeeni.

Kwa hiyo pikapu ilikuwa na kazi tatu: kubeba machungwa, kumleta Bibi, na kutupandisha sisi. Ungedhani kazi ya pili ingeiharakisha ile ya kuchagua. Haikuwa hivyo. Baba aliuliza habari za injini, akauliza habari za spea, akaenda kuangalia pikapu moja Pugu akarudi akisema rangi yake ina makuu. Mama alimvumilia mpaka siku hiyo ya rangi.

"Baba Hamisi," alimwambia, "mguu wa mama hausubiri rangi."

Baba alimaliza chai yake, na Jumamosi iliyofuata tukaenda Kibaha. Mjomba Kondo, kaka yake mama, alikuwa fundi magari kule na alishapata pikapu mbili kwa mtu mmoja. Tulikwenda kwa lori la rafiki yake baba, na baba alipakia matenga kumi matupu. Hakuna aliyemuuliza ya nini. Kwa watu wa machungwa tenga ndilo futi kamba. Chumba cha wageni nyumbani kwetu kilijulikana kuwa ni cha matenga ishirini, na kuna mzee Chole aliyemwoza bintiye akasema mkwe si haba, ana baraza la matenga arobaini.

Pikapu ya kwanza ilikuwa ya milango miwili, kuukuu, rangi ya majani yaliyokauka, bodi refu ungeweza kuanika mpunga. Ya pili ilikuwa nyeupe, milango minne, viti bado vina nailoni. Mjomba Kondo aliingia chini ya zote mbili, akatoka na grisi shavuni, akasema, "Shemeji, ile kuukuu ndiyo gari. Hii nyeupe ni nzuri, lakini nyuma haina urefu."

Baba akapanga matenga. Kwenye ile kuukuu yaliingia kumi, yote yamekaa chini, na nafasi ikabaki. Kwenye nyeupe yaliingia kumi pia, sita chini na manne juu yake. Baba akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono kiunoni.

"Kumi kwa kumi," alisema. "Basi sawasawa. Na hii ina nafasi ya watoto."

Mimi na Hamisi tulishaingia ndani. Tulikuwa tunafungua na kufunga milango, kila mmoja na wake. Mama hakuwepo, alibaki nyumbani na mdogo wetu aliyekuwa na homa. Na Bibi alikuwa amelala Chole. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na siku ile ilikuwa kweli kabisa, kwani kati yetu wote pale uwanjani hakuna aliyemkumbuka. Hata mimi, na nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote.

Kesho yake tukaenda Chole na ile nyeupe kumchukua Bibi, na mama akaja. Wanaume wakamtoa Bibi na kitanda chake cha kamba, maana ndicho alichoweza kukilalia amenyooka, wakakipandisha nyuma. Kitanda kikaingia hadi kati, kikagota. Mlango wa nyuma haukufungika. Wakakigeuza, wakakiinamisha, wakakirudisha kilivyokuwa. Miguu ya kitanda, na miguu ya Bibi pamoja nayo, ilibaki nje.

"Si uliyapima?" mama aliuliza.

"Matenga yaliingia kumi."

"Tenga unalipanga ghorofa, Baba Hamisi. Mama utampangaje ghorofa?"

Nilimwona baba akiutazama ule mlango, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona amekosea. Weupe wote wa ile pikapu ulinikinaisha palepale. Kama mguu wa Bibi ungepotea, ungepotea kwa ajili ya mlango wangu.

Ilibidi twende vilevile. Mlango wa nyuma ukaachwa wazi, kitanda kikafungwa kamba kila upande, mama akakaa kando ya kichwa cha Bibi. Jua lilikuwa kali na vumbi jingi, hivyo Bibi akaomba afunikwe khanga usoni. Baba akaendesha taratibu kuliko mtu anayetembea. Sisi tulikuwa ndani, tumegeukia nyuma, tunachungulia kwenye kioo.

Ninyi wa umri wangu mmeshajua kilichofuata. Pikapu inakwenda taratibu, nyuma kuna kitanda, juu yake kuna mtu aliyefunikwa gubigubi na mwanamke ameinama kando yake. Enzi zile jeneza likipita halikusimamishwa likaulizwa la nani. Ulivaa kofia, ukaungana na waliotangulia, jina ungelisikia mbele ya safari. Kwenye baraza la kwanza wazee wanne walikuwa wanacheza bao. Wakasimama, wakaacha kete kama zilivyo, wakaja nyuma yetu wakitoa kalima kwa sauti ya chini. Fundi cherehani akaacha suruali ya mtu na sindano ndani yake. Wanawake walisimama milangoni, wakajitanda khanga zao. Tulipofika kijiji cha pili kulikuwa na msururu, na baiskeli zinakokotwa kwa heshima. Baba, kwenye kioo chake, aliwaona, akadhani wanakuja kumsaidia. Mama alikuwa ameziba uso kwa vumbi na uchovu, hakuona kitu.

Mwanamume mmoja aliyekuwa anakokota baiskeli akasogea karibu na kitanda, akanong'ona, "Nani huyu, jamani?"

Khanga ikafunuka.

"Mwanahawa," Bibi akasema. "Wewe si wa Mzee Pazi?"

Yule mtu hakuikumbuka baiskeli yake tena. Iliangukia upande mmoja na yeye upande mwingine, kwenye mihogo ya watu. Wawili walikimbia. Mmoja, nadhani mwenye malezi mazuri zaidi, alibaki amesimama, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi wote?"

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena maishani. Watu wazima walikaa chini barabarani. Baba aliteremka, akaelezwa, akashika kichwa. Nilitegemea sasa watu watarudi kwao, kwani hapakuwa na maiti wala maziko. Hawakurudi. Fundi cherehani alisema ameshafunga duka moyoni, hawezi kulifungua mara mbili kwa siku.

Na ilikuwa bahati yetu. Mbele kulikuwa na korongo, mchanga chini na mawe pande zote mbili. Kitanda kinachoning'inia vile kisingepita pale bila kumtikisa Bibi mpaka nyonga iachie. Wale watu waliokuja kumzika wakafungua kamba, wakaweka kitanda mabegani, wakapokezana kama jeneza hasa, wakamvusha korongo na kilima chake. Bibi alikuwa juu, amefunuliwa uso, akiwauliza mmoja mmoja habari za mama zao. Pikapu nyeupe ilifuata nyuma tupu, milango yake minne imefungwa. Walimrudisha garini palipo tambarare, wakasimama hadi tukapotea kwenye vumbi.

Tulifika hospitali kabla ya magharibi. Bibi alitibiwa, alikaa kwetu mwaka mzima, na alitembea kwa mkongojo mpaka mwisho wa uhai wake. Kila mgeni alisimuliwa. "Watu wanakufa hawajui nani atawazika," alikuwa akisema. "Mimi wangu nimewahesabu kwa macho." Na alipofariki, miaka mingi baadaye, walikuja walewale, na fundi cherehani akiwa mbele.

Sasa mimi ninaishi Kibaha. Mume wangu yuko kiwandani Zegereni, mimi nafuga kuku wa mayai, na mwaka jana tulihitaji pikapu ya trei za mayai na ya familia. Tuliichagua kwenye simu kwa jioni mbili. Mwanangu Idrisa, aliyejifunza kuendesha mwezi huohuo, alisoma urefu wa bodi, akasoma upana, akasoma idadi ya spika. Vipimo vyote vilikuwa sahihi, hakuna tenga lililohusika. Akasema hii ni kali, mama, vioo vyeusi, hakuna anayekuchora, akimaanisha hakuna anayekuona ndani. Tukainunua. Ni gari zuri, sina la kulilaumu.

Mwezi uliopita mama yangu alizidiwa na presha, tukamfuata Kisarawe tumlete akae kwetu. Tulimlaza kiti cha mbele, kikalala kama kitanda. Kiyoyozi kilipuliza taratibu. Tulipoanza kupita majumbani akainua kichwa.

"Idrisa, kioo hiki kinashukaje?"

"Bibi, ubaridi utatoka."

"Wacha utoke."

Idrisa akamwonyesha kitufe. Mama akateremsha kioo, akatoa mkono nje. Wa bodaboda walikuwa wameinamia simu zao. Kwenye duka la dawa msichana alituangalia, akaona gari, akaangalia kwingine. Mama alisema shikamooni, yeye mtu mzima, akasema hamjambo, akasema sisi tunakwenda. Alifanya hivyo hadi tulipopita nyumba za mwisho, na hakuna aliyeitika.

Kisha akakitafuta kile kitufe, akapandisha kioo mwenyewe.