Shaba Ndoo Yake, Nikeli Ndoo Yake

Nikeli haizeeki, na hilo ndilo tatizo lake. Ganda la risasi la shaba tupu, ukilijaza mara ya tano, mara ya sita, huanza kujisemea lenyewe. Linafifia, linaota madoa kama sufuria ya chai, na ufa ukiingia mdomoni unauona mweusi. Lile lililopakwa nikeli hubaki jeupe, linang'aa kama meno ya bandia, mpaka siku litakapopasuka. Najua haya kwa sababu ndiyo kazi yangu hapa Doha, katika chumba cha nyuma cha uwanja wa shabaha ambao sitautaja. Nayajua zaidi kwa sababu kuna mzee mmoja alipoteza kazi kwa makosa yangu, nami nilikaa miezi mingi bila kumwambia.

Kazi yenyewe niliichagua kwa ajili ya eisii, ile mashine ya hewa baridi. Wenzangu tunaokaa nao chumba kimoja mtaani Muaither waliulizia mshahara na ovataimu. Mimi niliuliza kama ni ndani au nje. Mimi ni mtu wa nyumba. Ijumaa wakienda Lusail kupiga picha na maghorofa, nabaki na blanketi langu. Kanisani Mesaimeer naenda, lakini ni kwa sababu gari linanichukua mlangoni. Lingekuwa linasimama barabarani, sijui kama ningeokoka.

"Huyu msee alivuka bahari aje alale," husema wenzangu. Siwapingi. Mtu hupinga akiwa amesimama.

Mzee alikuwa Mganda, fundi wa silaha tangu jeshini kwao. Mimi niliokota maganda matupu yaliyoanguka nyuma ya wapiga shabaha, nikayaosha, nikayakausha, nikayatenga: ya shaba ndoo ya njano, ya nikeli ndoo nyeupe. Yeye aliyakagua, akatupa mabovu, na mazima akayatia fataki mpya, baruti na kichwa kwa mashine yake ya mkono. Sheria yake ilikuwa moja.

"Shaba ndoo yake, nikeli ndoo yake. Hao wawili usinifungishie ndoa."

Sababu alinipa. Nikeli huteleza vizuri ikitoka kwenye bastola, na haijali jasho wala hewa ya chumvi ya huku. Lakini ngozi yake ni ngumu, mdomo hupasuka mapema, tena ikianza kubambuka kama rangi ya kucha, vipande vyake hukwaruza mashine. Nikadhani ndoo mbili ni kwa ajili ya hilo tu. Fizikia ya fomu foo nilipata D, na ile D ilisimamiwa na malaika.

Ukaguzi wake ulikuwa wa ajabu. Alichota maganda kiganja kimoja, akafumba macho, akayatikisa karibu na sikio. Mazima yalilia kama njuga. Lenye ufa lilisema "tak", sauti iliyokufa, kama chungu kibovu mama anapokigonga kwa kifundo cha kidole sokoni kabla ya kutoa pesa.

"Mzee, unayaombea?"

"Naombea wewe, Mkenya. Upate mke wa kelele, akutoe kitandani."

Kumbe shaba ina sauti yake na nikeli ina yake, juu kidogo, nyembamba. Ukiyachanganya, lile lililokufa hujificha katikati ya sauti mbili. Hakuwahi kuniambia hivyo. Angeniambia, ningemuuliza kwa nini asitumie macho.

Siku yenyewe ilikuwa ya Agosti. Meza ya kutengea ilikuwa nje, chini ya mabati, na hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba shati lilinilowa kabla sijaketi. Maganda yote yalikuwa ya saizi moja. Nikaangalia mlango wa chumba chenye baridi, nikaangalia rundo, nikajiambia: njano na nyeupe, si mtu yeyote mwenye macho ataona? Nikayamwaga yote kwenye ndoo moja, nikaingia ndani.

Mzee aliyapitia yote, akayajaza.

Siku mbili baadaye ganda moja la nikeli lilipasuka ubavuni mkononi mwa mwanachama mmoja wa uwanja. Kupasuka mdomoni ni jambo la kawaida, mpigaji huenda asijue. Lakini hili lilipasuka karibu na kitako, likamtemea moshi wa moto shavuni, na bastola ikakwama. Hakuumia zaidi ya wekundu. Ila alikuwa mtu wa kusikilizwa, na jioni hiyo mudiri, meneja wetu, alitusimamisha sote wawili mbele ya meza yake.

"Maganda yalitengwa?" akaniuliza.

"Ndiyo, bosi. Kama kawaida."

Mzee alikuwa ubavuni pangu. Hakugeuka.

Ikaamriwa tupimwe macho, wote wa chumba kile. Mimi nilisoma mpaka mstari wa mwisho, nikajisifu. Mzee alipofika mstari wa pili aliuliza kama kuna maji ya kunywa. Mwezi haukuisha, alikuwa amerudi kwao.

Sasa kiti chake nakikalia mimi. Nimepewa taa na lenzi, na sheria mpya ni kuangalia ganda moja moja. Lakini kabla ya lenzi natikisa, sijui nani aliniambia nitikise. Kuna siku nasikia "tak". Naweka chini, naangalia moja moja, mdomo, ubavu, kitako. Yote mazima. Nachota tena yale yale, natikisa: tak. Nimewahi kutupa kiganja kizima cha maganda yasiyo na kosa kwa sababu sikuweza kuyasikiliza tena. Kule Muaither mtu akiosha vijiko, nasimama katikati ya sentensi. Wenzangu wanasema nimeanza uzee. Ningekuwa wa shaba wangeuona zamani.

Na kila Ijumaa Mzee alinitumia ujumbe wa sauti. "Mkenya, umeamka?" Basi. Mimi nilimjibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba hakina sauti, hakiwezi kusaliti mtu.

Mwishowe nikampigia, saa ya chakula cha mchana, nimefunga mlango.

"Ehe! Leo umetoka blanketini?"

"Mzee, ile siku niliyachanganya. Kisha nikamdanganya mudiri."

Nyuma yake kuku alikuwa analalamika.

"Nilijua," akasema. "Kiganja cha kwanza tu, nilijua."

"Mbona hukunirudishia ndoo?"

"Ningerudisha, ungeniuliza nimejuaje na sikuangalia. Wewe na mdomo wako."

"Ningecheka tu, Mzee."

"Ndiyo. Ungecheka, na mudiri angeuliza unacheka nini."

Akakohoa.

"Kwani hukujua sioni?"

"Sikujua, Mzee. Haki ya Mungu."

"Haya." Akauliza kama joto limepungua huku. Nikasema limepungua. Akasema salimia wote, akakata.

Tangu hapo nimelipima lile neno langu, sikujua, nikitafuta lilipopasuka. Mara mbili, kwa macho yangu haya ya mstari wa mwisho, nilimwona Mzee akimimina chai ya chupa kando ya kikombe, ikamwagika juu ya karatasi. Nilipangusa tu. Lakini usiku niliwaigizia wenzangu Muaither: mkono unapapasa meza, unakikosa kikombe, unakipata, unajifanya ulikuwa unafuta vumbi. Walicheka mpaka mmoja akashuka kitandani, wakaniomba nirudie, nikarudia. Niliigiza vizuri sana. Mtu hawezi kuigiza vile kitu ambacho hajakiona.