Insha ya Wanjiru na Kilio Changu

Jamani, leo mwanangu ameniletea mtihani.

Wanjiru anaomba nafasi chuo cha sheria hapa Marekani. Asubuhi alinipa insha yake niisome.

Ameandika kwamba amekua akiniona nikilia, kwa vile wagonjwa ninaowauguza hospitalini walikuwa wanacheka Kiingereza changu.

Nikawaka. "Mimi sijawahi kulia! Usinitungie shida ndio wazungu wa chuo wakuhurumie."

"Mum, ulikuwa unalia kwa gari ukinitoa shule. Ulidhani nimelala."

Nikaichukua insha tena.

Akauliza polepole, "Niitoe hiyo sehemu? Tangu korti ikataze, vyuo haviruhusiwi kuangalia rangi yangu vikichagua wanafunzi. Wanaweza tu kusoma kwa insha nimepitia nini."

Niko kazini, sijamjibu. Anatuma kesho.

Wazazi wenzangu, mngemwambia nini? Hata babake hajui kwamba nililia.