Mguu wa Mama Pasi

Marehemu mke wangu watu walimwita Mama Pasi. Miaka thelathini na miwili alipiga pasi nguo za watu chumba cha mbele, mimi nafua uani. Alikuwa mnene, wala hakuona haya. Akitaka kupita mlangoni ananiambia, "Baba watoto, sogea, mzigo unaingia."

Mwaka mmoja mguu wa kulia ukaanza kumbana. Akitembea kidogo tu, shavu la mguu linamwuma mpaka asimame. Madaktari wawili wakasema ni unene. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia apunguze kula. Aliendelea kukunja mashati.

Tukapelekwa kwenye kipimo cha mwanga. Binti mmoja mpimaji alimfunga kifaa kwenye shavu la mguu, kinamulika ndani ya ngozi kusoma oksijeni ya msuli. Akamtembeza ukumbini. Namba za oksijeni hazikushuka.

"Bibi, msuli wako uko salama."

Nikamwona mke wangu uso umemshuka. Akirudi na karatasi ya majibu hayo, nani angemwamini tena? Hata mimi nilishaanza kutafuta viatu vyangu nilivyovua mlangoni.

Akamwuliza binti mwanga unazama kiasi gani. Akaambiwa kama upana wa kidole. Akajifinya mguu, mkunjo ukajaa mkononi.

"Mwanangu, blanketi ukiligusa juu utasema limekauka. Sisi tunalifinya mpaka ndani. Taa yako imefika kwenye nyama, au imeishia kwenye mafuta?"

Binti akaleta koleo ya kupimia mafuta, akabana, akasoma. Akakiri kwa aibu kwamba taa iliishia kwenye mafuta, nayo hayatumii oksijeni nyingi, ndiyo maana namba zilitulia.

"Kumbe mafuta yangu yanapumzika kunizidi," mke wangu akasema. Tukacheka wote.

Binti akahamishia kifaa pembeni ya muundi, ule mfupa wa mbele, penye mafuta machache, akaitenga taa mbali zaidi na jicho la kusomea ili mwanga uzame zaidi. Safari hii alipotembea, namba ziliporomoka, zikachelewa kupanda. Daktari akatafuta, akakuta mshipa wa damu umeziba. Ukazibuliwa.

Nilimwomba radhi tukiwa bado wodini. Alisema nimpe maji kwanza.

Daktari aliagiza atembee kila asubuhi. Tukawa tunakwenda pamoja hadi mwisho wa mtaa, miaka tisa. Alikuwa ananiacha nyuma. Anageuka, ananiita, "Mzee, kaza mwendo."

Njia ile bado naipita. Siku hizi natembea polepole ninavyotaka.